Ukuta wa Nyuma ya Mlango

Tulimwita Mwenye Nyumba. Hata watu ambao hawakuwahi kupanga kwake walimwita hivyo, kana kwamba Mbamba Bay nzima ilikuwa na nyumba moja.

Na nyumba yenyewe wala haikuwa kubwa. Matofali ya kuchoma, bati lililokwisha kushika kutu, na vyumba vilivyotazamana kwenye ukumbi mwembamba ambao wapangaji wawili wenye ndoo hawakuweza kupishana bila kuombana radhi. Nilipohamishiwa shule ya pale, nikishuka kutoka kwetu milimani, nilipewa chumba kilichoenea kitanda, meza ya kusahihishia madaftari na mimi mwenyewe, basi. Lakini kuta zake zilinifanya nisimame mlangoni na begi mkononi. Zilikuwa na miduara ya rangi ya chungwa, kila mmoja mpana kuliko ungo, imeshikana kutoka sakafuni hadi darini. Mara moja nilikumbuka mashimo ya ngolo, yale tunayochimba kukinga maji kwenye miteremko ya mashamba yetu, isipokuwa haya yalikuwa yamesimama wima na yananitazama.

"Shikamoo, Mama. Chumba chenyewe ndicho hiki?"

"Marahaba. Ulitaka uwanja wa mpira?"

Hivyo ndivyo tulivyojuana, na kwa miaka yote niliyokaa kwake sikumsikia akikisifia chumba chake hata kimoja. Alifungua mlango, akakuacha utazame, akangoja. Ukikitaka ukitake. Usipokitaka, minibasi za kupanda Mbinga ziko pale.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa yakituuzia foleni sasa yalikuwa na sabuni za rangi tatu, na mitumba ilimwagwa chini sokoni watu wakaipekua kama wanaotafuta sindano. Katika mafuriko hayo ya vitu ndimo zilimofika karatasi kama zile za chumbani kwangu. Inasemekana zilikuja kwenye kreti la misaada lililotumwa misheni moja huko juu, chini ya mablanketi na viatu vikuukuu, na kwa kuwa hakuna aliyejua za nini, zikauzwa mnadani pamoja na mengine. Zilikuwa zimezungushwa kama majora ya kitambaa, nasi tukaziita majora hayohayo. Wanafunzi wangu walijaladia madaftari. Wauza maandazi walifungia maandazi. Fundi cherehani mmoja wa Mbinga alikatia ruwaza za magauni, na pengine ndiye aliyezitendea haki kidogo.

Mwenye Nyumba aliliona jora moja likikunjuliwa sokoni, akalishika ncha, akalitazama kwa muda, akasema, "Hii ni nguo ya ukuta." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akibandika kuta tangu zamani, magazeti, mifuko ya saruji, kalenda za miaka iliyopita, kwa hiyo alipoona kitu kilichozaliwa kwa kazi hiyo alikitambua.

Waliojifanya wanajua mambo ya nyumba walimkosoa. Mke wa ofisa mmoja alimwambia mbele yangu kwamba chumba kidogo hupakwa rangi nyeupe ili kionekane kikubwa, na maua yakiwa lazima basi yawe madogo madogo. Mwenye Nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, maana kumkatiza mtu kauli aliona ni ushamba.

"Wewe ni mrefu," akamwambia. "Mimi ni mfupi. Khanga dukani si tunanunua ileile? Au mimi nimekatiwa yenye maua ya kitoto?"

Na kweli kuta zake alizivika kama anayevika khanga. Juu, chini ya dari, aliweka pindo la rangi nyingine. Katikati ukawa mji, wenye maua au majani au miduara mikubwa kadiri ilivyopatikana. Kitu kimoja tu alikikataa, nacho ni maneno. Magazeti aliyabandika kichwa chini ili yasisomeke. Nilipomuuliza kwa nini, alisema maneno ya khanga kazi yake ni kumsema jirani, na ukuta wake hausemi mtu.

Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Nayo gundi ina kisa chake, alichokisimulia vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Mwanzoni, kabla sijafika, aliipika kama uji na kutia chumvi, kwa sababu kwake uji usio na chumvi haukuwa uji. Akabandika chumba kizima, akaacha mlango wazi kikauke, akaenda pwani ya ziwa kutafuta usipa, dagaa wa huku kwetu. Aliporudi alikuta mbuzi wa jirani wamekilamba chumba chote, kuanzia sakafuni mpaka pale shingo za mbuzi zinapofika. Juu magazeti yamebaki, chini udongo mtupu, na beberu mmoja bado anatafuna.

"Nikamwambia mwenye mbuzi, huyu beberu wako amesoma kuliko mjumbe wetu wa nyumba kumi."

Tangu siku hiyo gundi ikawa haina chumvi. Badala yake alitia maji ya tumbaku iliyochemshwa, ili mchwa na mende wasiiguse, na mpangaji mpya alilala wiki ya kwanza akipiga chafya kama amekaa na wazee wa ugoro. Kabla ya kubandika kipande cha kwanza alisema Bismillahi, kisha hakusema tena mpaka ukuta umekwisha. Mwera ulipoanza kuvuma kutoka ziwani na kuzifumua karatasi kwenye maungio, alipita chumba hadi chumba na kibakuli chake, akizibembeleza kwa kiganja mpaka zilale.

Alikuwa mkali, nisije nikamgeuza malaika kwa sababu hayupo wa kunibishia. Redio ikipita sauti aliyoizoea, alikuja kuizima mwenyewe. Msumari ukutani ulikuwa kosa lisilo na msamaha. Karani mmoja wa bandarini alipigilia msumari wa kutundikia koti katikati ya ua kubwa la zambarau, na Mwenye Nyumba hakumsemesha tena, akawa anampitishia salamu kwetu: "Mwambieni wa chumba cha msumari maji yamekwisha." Kisha karani huyo akashikwa na malaria kali. Asubuhi ile ya kwanza tulimwona Mwenye Nyumba akiingia na bakuli, akamwinua kichwa, akamnywesha. Karani akasema kwa haya kwamba hana hamu.

"Mgonjwa haulizwi uji. Kunywa."

Alimuuguza mpaka akapona, na alipopona akarudi kuitwa wa chumba cha msumari.

Jambo moja lilitushinda wapangaji wote. Chumba chake mwenyewe hakikuwa na kitu. Chokaa tupu, kitanda, sanduku, mswala. Mtu ambaye aliona ukuta mtupu kwa jirani akatikisa kichwa, alilala baina ya kuta tupu mwaka hadi mwaka. Nilimuuliza siku moja tukichambua mchele barazani. Alisema karatasi za ukutani ni za mgeni, ndizo zinazomwambia kwamba alingojewa. "Mimi hapa nani ananijia? Nikiingia nalala." Alisema bila kulalamika, nami nikacheka, kwa sababu wakati ule nilidhani ni mzaha.

Na chini ya kitanda hicho lilikuwepo jora moja ambalo hakumpa mpangaji yeyote. Lilikuwa na ndege, ndege wakubwa kama kuku, wenye mikia mirefu, wamekaa kwenye majani ya kijani kibichi, mmoja anatazama huku mwingine kule. Ukimuuliza la nani, alijibu, "La mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Aliolewa Mbinga na kijana aliyekuwa wakala wa wanunuzi binafsi wa kahawa, wale waliokuja na magari yao chama cha ushirika kilipolegea. Kwa misimu michache mambo yalikuwa mazuri, kahawa ikishuka milimani na pesa ikipanda. Kisha yule kijana akaanza kukonda, akafa, na ndugu zake wakaona ni bora mjane arudi kwao. Alishuka na lori la mahindi, na godoro lake na mfuko mmoja. Alikuwa amechoka hata kuteremka. Mama yake alimpokea mikononi kutoka kwenye lori, na watu wote waliokuwa sokoni walikuwa wakitazama.

Lugha ya wakati ule ilikuwa katili. Walisema amekanyaga miwaya, maana hata jina la ukimwi hawakulitaja. Walisema kwa sauti ya chini, lakini mji mdogo hauna sauti ya chini.

Kumjulia mgonjwa hali ni desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja waziwazi, kwa hiyo waliivunja kwa adabu. Walipiga hodi kutoka uani. Waliuliza mgonjwa ameamkaje, waliambiwa karibuni ndani, wakajibu kwamba wameacha chungu jikoni, wameacha mtoto, wanawahi minibasi. Waliweka mkungu wa ndizi au kifurushi cha usipa kizingitini, wakaondoka. Kizingiti kilikuwa kimejaa vyakula na ndani hamna mtu. Binti alisikia kila kitu kutoka kitandani. Jioni moja alimuuliza mama yake kwa upole kabisa kama ananuka.

Mwenye Nyumba alitoka humo akaja kukaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema, "Mwalimu, kufa tutakufa wote. Hilo nimeshamwachia Mungu. Lakini mwanangu hatakaa peke yake mji umejaa watu. Hilo silikubali."

Kesho yake alichemsha gundi na kulitoa lile jora la ndege.

Alimhamishia binti kwenye chumba cha mbele, kidogo kuliko vyote, na akabandika ukuta mmoja tu. Nilidhani amekosea. Alichagua ule wa nyuma ya mlango, ambao mlango ukifunguliwa unaufunika. Mtu aliyesimama kizingitini aliona kuta tatu za chokaa na mguu wa kitanda. Kuwaona ndege ilikubidi uingie, uurudishe mlango nyuma yako, ukae kwenye kigoda kando ya mgonjwa, utazame anakotazama yeye.

Sisi wapangaji tulipewa kazi ya kutangaza, nasi tuliifanya kwa moyo wote. Nilisema shuleni, karani alisema bandarini. Haikupita wiki, mtu wa kwanza akaingia. Alikuwa mama muuza vitumbua, mwanamke mnene asiyeweza kusikia jambo limeonwa na mwingine akalala. Alikaa kigodani, akapigwa na butwaa.

"Ee Mola! Na hawa wote wako kimya hivi?"

"Huyo wa tatu ndiye wewe," binti alimwambia kutoka kitandani. "Tazama alivyojaa. Na mdomo uko wazi."

Muuza vitumbua alicheka mpaka tukasikia ukumbini. Akatoka akaenda kuuambia mji mzima kwamba yeye ni ndege wa tatu.

Ndipo wakaja. Wakaja kumtazama ndege wa muuza vitumbua na kuulizia ndege wao. Binti alikuwa na jicho kali na ulimi wa mama yake. Mjumbe alipewa ndege aliyenyoosha shingo kuchungulia ya wenzake. Katekista wa kanisani kwetu alipewa mmoja aliyefumba macho, haijulikani kama anasali au anasinzia. Mimi nilipewa yule wa chini kabisa, aliyeonekana mgongo tu, kwa sababu mwalimu, alisema, siku zote anaandika ubaoni. Watu walikaa. Waliokuwa wakiogopa kushika kikombe cha nyumba ile walijisahau wakanywa chai. Walizungumza habari za kahawa, za bei, za nani kamwoa nani, na yeye akawa katikati ya mazungumzo kama mtu mwingine yeyote. Mwenye Nyumba alikuwa akipita ukumbini na ufagio ambao haufagii kitu, anasikiliza.

Lakini kitu kikishaonwa kimeonwa. Ndege wote walipopata wenyewe, vigoda vikaanza kupoa. Hodi za uani zikarudi. Mwenye Nyumba akasema tutabadili ukuta, na binti, aliyekuwa amewazoea ndege wake kuliko watu, aliwatazama mmoja mmoja.

"Wafunike, Mama. Watu wamewachoka."

Sikupenda kumsikia akisema vile. Hata sasa sipendi kukumbuka.

Shida ni kwamba majora yalikuwa yamekwisha pwani yote. Siku ya Jumamosi nilipanda na Mwenye Nyumba Mbinga kwenye lori, tukashuka vumbi tupu, tukazunguka duka hadi duka. Kulikuwa na plastiki za mezani, vitenge, na zile karatasi nyembamba za kufungia zawadi ambazo alizishika akaziachia. Alisema gundi ingezifanya uji. Mwishowe, kwa mwenye duka mmoja ambaye asili yake ilikuwa Lindi, tulilikuta jora limesimama pembeni karibu na mizani, mawaridi mekundu makubwa kama sahani.

"Limebaki kipande, Mama," yule mzee alisema. "Nimewakatia watoto wa shule, wanajaladia."

"Kinafika ukuta mmoja?"

"Ukuta wa banda la kuku, labda. Wa mtu hakifiki."

"Nipe."

Njia nzima ya kurudi alilipakata. Mahali fulani kwenye kona za mteremko, ziwa lilipoanza kuonekana chini, alisema kama anayejisemea: "Wakimaliza na haya mawaridi, nitawaonyesha nini tena?" Nilishika mkono wake.

Yalifika nusu ya ukuta. Juu mawaridi, chini wakabaki wale ndege wa safu ya mwisho, na mimi na mgongo wangu miongoni mwao. Watu walikuja kutazama mawaridi kwa siku chache, kisha wakapungua. Muuza vitumbua hakuacha. Yeye aliingia kila asubuhi na sahani yake, hata hatazami ukuta, akakaa akaeleza ya sokoni. Katekista naye alikuwa anapita akitoka kanisani, ingawa mgonjwa alikuwa Mwislamu na yeye kazi yake ni Wakristo. Na sisi wa nyumbani. Waliobaki, na walikuwa wengi, walirudi uani. Binti alikufa asubuhi ya soko, mama yake akiwa amemshika miguu, na muuza vitumbua akiwa kwenye kigoda.

Msiba ulijaza watu. Hapa kwetu hakuna anayekosa msiba, awe na chungu jikoni asiwe nacho. Walijaza baraza, ukumbi, uani, walimwagika mpaka barabarani. Wanawake walitandika mikeka katika chumba kilekile ambacho hawakutaka kukiingia, wakalala humo siku zote za matanga, vichwa vyao chini ya ndege. Nilimkuta Mwenye Nyumba amekaa kwenye pembe, kajifunika khanga, anawatazama. Aliponiona alinivuta karibu.

"Tazama walivyo wengi, Mwalimu," alisema.

Arobaini ilipopita alichemsha maji, akazibandua karatasi chumba kimoja baada ya kingine, akapaka chokaa. Changu alikiacha kwa sababu nilikuwa ndani yake. Nilipopata uhamisho wa kurudi juu milimani, kijijini Ukata, aliniaga barabarani, na naamini kabla minibasi haijamaliza kona ya kwanza alikuwa ameshaweka jikoni sufuria ya maji ya kubandulia miduara yangu.

Miaka ikapita, kama inavyopita kwa watu wenye watoto na mashamba. Habari zake zilinifikia kwa wasafiri: kwamba hapangishi tena, kwamba muuza vitumbua ametangulia mbele ya haki, kwamba Mwenye Nyumba mwenyewe hatoki siku hizi. Likizo moja nikasema nitashuka. Nilipita Mbinga madukani na, wakati huo kila kitu kilikuwa kinapatikana, nikamnunulia jora zima, majani mapana ya mgomba juu ya rangi ya njano. Nilidhani hilo ndilo la kumpelekea.

Mlango wa nje ulikuwa umeegeshwa. Kizingitini palikuwa na bakuli lililofunikwa kawa, chakula cha jirani. Nilipiga hodi nikaingia moja kwa moja mpaka chumbani kwake. Alikuwa amelala kwa ubavu, mdogo kuliko nilivyomwacha, baina ya zilezile kuta za chokaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mwalimu. Wa chumba cha miduara."

Alinitazama, kisha akazitazama kuta zake, mmoja baada ya mwingine, kama mwenye duka anayemwonyesha mteja rafu zisizo na kitu.

"Hamna kitu humu, Mwalimu. Umefuata kuona nini?"

Begi langu lilikuwa begani, ncha ya jora imechomoza. Nililisukuma nyuma ya mgongo, nikaliteremsha sakafuni, nikaliacha huko.

"Nimekuja kukuona wewe, Mama."

Nilimsikia akivuta pumzi, na uani mtu alikuwa akipita na ndoo.

"Kumbe," alisema. "Kumbe mtu huja tu."

Kisha akaikunja miguu yake, kwa shida, akanipa nafasi ya kukaa kitandani.